Thomas More: Mume Aliyetega Sikio



Hebu kumbuka jioni ya jana nyumbani kwako. Baba alirudi amechoka, akafungua televisheni asikilize habari. Mama alikuwa jikoni, huku simu ikilia kuhusu mchango wa chama. Mtoto mmoja alitaka pesa za safari ya shule, mwingine alikuwa na homa. Ikafika saa ya kulala. Labda mlisali pamoja. Labda kila mmoja alifanya ishara ya msalaba upande wake wa kitanda, taa ikazimwa. Sasa niambie: kama Mungu alikuwa na neno la kuwaambia jioni hiyo, angelisema saa ngapi?

Katika kazi yangu ya ukatekista huketi mara nyingi na vijana wanaojitayarisha kwa ndoa, na pia na wale walioishi miaka mingi katika ndoa. Swali moja hurudi tena na tena: nitajuaje kwamba hili ni neno la Mungu na si mawazo yangu mwenyewe? Mimi pia niliwahi kukosea hapo. Nilimwambia mama watoto kwamba nimesali, na Mungu amenionyesha tuuze ng'ombe wetu wa maziwa tununue pikapu kuukuu ya biashara. Ukweli ni kwamba pikapu ile nilikuwa nimeipenda kabla sijapiga magoti. Mke wangu alikuwa na wasiwasi, lakini angempinga Mungu namna gani? Akanyamaza. Pikapu haikumaliza miezi minne. Kilichoniuma zaidi si hasara ya fedha. Ni kwamba nilikuwa nimelitumia jina la Mungu kumfunga mke wangu mdomo.

Ndiyo maana leo nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyekuwa mume, baba, mwanasheria na mkubwa wa serikali, mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wewe na mimi, ambaye hata hivyo alijifunza kutega sikio. Huyu ni Mtakatifu Thomas More wa Uingereza.

MTAWA AU MUME?

Thomas More alizaliwa London mwaka 1478. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria na baadaye hakimu. Kijana Thomas alilelewa kwa muda katika nyumba ya Askofu Mkuu John Morton, akasoma Oxford karibu miaka miwili, kisha baba yake akamrudisha London asomee sheria. Alikuwa na akili nyingi, mcheshi, na kila mtu alitabiri kwamba atafika mbali.

Lakini moyoni alikuwa na swali. Je, Mungu anamwita awe mtawa? Kwa muda wa miaka karibu minne, huku akiendelea na kazi yake ya sheria, aliishi karibu na monasteri ya Wakartusi mjini London, wamonaki wanaojulikana kwa ukimya wao mkali. Alisali nao na kufunga, bila kuweka nadhiri. Hakukimbilia kujibu. Alimtafuta pia padre wa kumwongoza kiroho, John Colet, akamfungulia moyo wake.

Mwishowe aliona kwamba wito wake ni ndoa. Angalia jambo hili, msomaji. Wengi wetu tunadhani kwamba Mungu huwaita mapadre na masista, na sisi wengine tunaoa na kuolewa tu kwa sababu wakati umefika. More aliingia katika ndoa kama mtu aliyeitwa. Na yale aliyojifunza kwa wamonaki hakuyaacha mlangoni kwao. Maisha yake yote alivaa kwa siri, chini ya nguo zake nzuri, shati gumu la manyoya lenye kuwasha mwili, kama toba. Watu walimwona mkubwa mwenye mkufu wa dhahabu. Binti yake Margaret ndiye aliyekuwa akilifua shati lile.

Mwaka 1505 hivi alimwoa Jane Colt, msichana wa shamba. Mkwe wake William Roper, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba Thomas alikuwa amevutiwa zaidi na mdogo wake Jane. Lakini alipofikiri aibu atakayopata dada mkubwa akipitwa, alimhurumia, akaugeuza moyo wake kwake. Walipata watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cecily na John. Mwaka 1511 Jane alifariki, akamwacha mume na watoto wadogo, mkubwa akiwa hajafikisha hata miaka saba.

Baada ya muda mfupi tu, More alimwoa Alice Middleton, mjane aliyemzidi umri, mwenye binti yake. Marafiki walishangaa. Alice hakuwa msomi na ulimi wake ulikuwa mkali, lakini alikuwa hodari wa kuendesha nyumba, na aliwalea watoto wale kama wake. More alimtania, naye alimjibu. Alimshawishi hata ajifunze kupiga ala za muziki, mama mtu mzima, na akakubali kufanya mazoezi kila siku. Huyu Alice usimsahau, tutarudi kwake.

KELELE ZA IKULU

More alipanda cheo haraka. Alikuwa mbunge, hakimu wa mji, mjumbe wa nchi za nje, kisha mshauri wa Mfalme Henry wa Nane. Mfalme na Malkia Katherine walimpenda kwa mazungumzo yake matamu. Kila baada ya chakula cha jioni walimwita awachangamshe. Ikafika hali kwamba hata mara moja kwa mwezi hakupata ruhusa ya kwenda nyumbani kwa mke na watoto wake.

Wewe ungefanyaje? Mfalme anakupenda! Wengine wangesema hiyo ndiyo baraka yenyewe. More aliona kwamba nyumba yake inaachwa. Hakuweza kumkatalia mfalme waziwazi, basi alianza kupunguza ucheshi wake kidogo kidogo. Alijifanya mtu wa kawaida, asiyechekesha sana. Polepole wakaacha kumwita kila usiku, naye akarudi kwake. Ni wanaume wangapi wako tayari kuonekana si kitu mbele ya wakubwa ili wale chakula cha jioni na watoto wao?

Miaka ya 1520 alijenga nyumba Chelsea, kando ya mto Thames. Ilikuwa nyumba kubwa yenye watoto, wakwe, wajukuu, watumishi na wageni wasiokwisha. Kwa kelele za nyumba kama hiyo, sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa. Lakini More aliiwekea utaratibu, na hapa ndipo penye somo.

Kwanza, mezani mmoja wa mabinti alisoma kwa sauti sehemu ya Maandiko Matakatifu, kisha wakaizungumzia, ndipo mizaha ikafuata. Pili, jioni aliposhinda nyumbani aliwakusanya wote, pamoja na watumishi, kwa sala. Tatu, hapo shambani, mbali kidogo na nyumba, alijenga jengo dogo lenye kikanisa na chumba cha vitabu. Siku ya Ijumaa, kila alipoweza, alishinda humo toka asubuhi hadi jioni katika sala na kusoma. Nne, alipenda Misa. Hata mfalme alipomtumia mjumbe akiwa kanisani, alisubiri Misa imalizike kwanza, kwa kuwa alikuwa akimhudumia Mfalme mkubwa zaidi.

Akiwa tayari mtu mkubwa nchini, aliimba katika kwaya ya parokia yake ya Chelsea. Siku moja Duke wa Norfolk alimkuta amevaa kanzu ya waimbaji, akamwambia kwamba anamwaibisha mfalme kwa kufanya kazi ya kikarani wa kanisa. More alimjibu kwa upole kwamba mfalme hawezi kuchukizwa na mtu anayemtumikia Bwana wa mfalme.

Je, ukimya huo ulikuwa na faida yoyote kwa familia? Sikiliza tukio hili. Margaret, mtoto wake mpenzi, alipatwa na ugonjwa wa jasho, ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa saa chache. Waganga walikata tamaa. Baba alikwenda kwenye kikanisa chake, akapiga magoti akilia. Akiwa katika sala, ikamjia akilini dawa moja ya kuosha matumbo ambayo waganga hawakuikumbuka. Hakusema ni muujiza, wala hakumtibu mtoto yeye mwenyewe. Alirudi akawauliza waganga. Wakakubali kwamba kweli hiyo ndiyo ingefaa, na wakashangaa kwamba haikuwajia. Margaret akapona. Ona mambo mawili yalivyokwenda pamoja: sala, na shauri la wenye ujuzi. Wazo lililomjia akiwa amepiga magoti alilipeleka likapimwe na wengine. Laiti mimi ningefanya hivyo na pikapu yangu!

BARUA KWA ALICE

Mwezi wa Septemba 1529, More akiwa mbali pamoja na mfalme, alipata habari kwamba ghala zake za nafaka zimeungua moto, pamoja na za majirani. Mavuno yote yameteketea. Alimwandikia Alice barua ambayo ingefaa kusomwa katika kila semina ya wanandoa.

Alimwambia kwamba Mungu ndiye aliyetoa, na kama amependa kutwaa, apewe shukrani. Alimwomba awachukue wote wa nyumbani waende kanisani wakamshukuru Mungu kwa kilichotwaliwa na kilichobaki. Kisha akamwomba aende kwa majirani awaulize hasara yao, awaambie wasiwe na huzuni, kwa sababu hata asipobakiwa na kijiko nyumbani hataacha jirani maskini apate hasara kwa ajili ya ajali iliyoanzia kwake. Mwisho akamwomba afikirie kama shamba liendelee au liachwe, na kama wafanyakazi watapunguzwa, asiachishwe yeyote ghafula kabla hajapata pa kwenda.

Mke na mume, someni hapo tena polepole. Msiba umeingia. Mume hapigi kelele wala hamtafuti wa kulaumiwa. Anaanza kwa Mungu, anakwenda kwa jirani, anawakumbuka wafanyakazi. Na katika mambo ya shamba anamwachia mke wake nafasi ya kufikiri. Hayo hayazaliwi siku ya moto. Yalikuwa yamezaliwa katika Ijumaa nyingi za ukimya.

KANSELA APIGA MAGOTI

Mwezi uliofuata, Oktoba 1529, mfalme alimfanya Kansela wa Uingereza, cheo cha juu kabisa baada ya mfalme. Baba yake mzee alikuwa bado hakimu. Kila siku Kansela alipopita mahakamani Westminster, akimkuta baba yake ameketi kazini, alipiga magoti mbele ya watu wote akamwomba baraka.

Lakini nisikufiche jambo. More alikuwa mtakatifu, hakuwa malaika. Akiwa Kansela alizitetea kwa ukali sheria za wakati ule zilizowahukumu wazushi, na watu 6 walichomwa moto katika kipindi chake kwa ajili ya imani yao. Leo Kanisa, hasa tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa tamko lake la mwaka 1965, linafundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Hata mtu mwenye sikio zuri aweza kukosea kusikia, hasa pale wote walio karibu naye wanapokosea vilevile. Basi sisi tusio watakatifu tunapaswa kusema kwa unyenyekevu zaidi tunaposema kwamba Mungu ametuonyesha.

NDOA YA MFALME

Sasa mambo yalifikia ndoa yenyewe. Mfalme Henry alitaka ndoa yake na Katherine, aliyeishi naye miaka karibu ishirini, itangazwe kuwa batili ili amwoe Anne Boleyn. Baba Mtakatifu hakukubali. Mfalme akaanza kujifanya mkuu wa Kanisa katika nchi yake. Mwezi Mei 1532 maaskofu walisalimu amri, na siku iliyofuata, tarehe 16 Mei, More alirudisha muhuri wa Kansela.

Alimwambiaje mke wake? Desturi ilikuwa kwamba baada ya Misa mtumishi mmoja alikwenda kwenye kiti cha Bi. Alice kumjulisha kwamba bwana mkubwa ameshaondoka. Siku hiyo More alikwenda mwenyewe, kofia mkononi, akainama mbele ya mke wake akamwambia maneno yale yale ya mtumishi, kwamba bwana mkubwa ameondoka. Alice alidhani ni mzaha wake wa kawaida. Alipoelewa kwamba ukubwa ndio ulioondoka, hakufurahi hata kidogo.

Nani angemlaumu? Mapato yalishuka yakawa zaidi kidogo ya pauni 100 kwa mwaka. More aliwaita watoto na wakwe, wakakaa kikao. Hakuwaficha hali. Aliwaeleza jinsi watakavyoteremka ngazi kwa ngazi katika chakula na matumizi, na kama hata hilo likishindikana, basi watachukua mifuko waende kuomba pamoja, wakiimba kwa furaha. Watumishi wake aliwatafutia kazi kwa wakubwa wengine. Ni baba gani kati yetu aliyepoteza kazi akaweza kuketi na familia siku hiyo hiyo na kusema ukweli? Wengi huendelea kutoka asubuhi na mkoba, kana kwamba wanakwenda ofisini.

MLANGO WA BUSTANI

Mfalme hakumwacha. Mwaka 1534 kilitungwa kiapo ambacho ndani yake ndoa mpya ilikubaliwa na mamlaka ya Baba Mtakatifu yakakataliwa. Tarehe 13 Aprili More aliitwa Lambeth kuapa. Asubuhi hiyo, kama alivyozoea kabla ya kila jambo zito, alikwenda kanisani, akaungama, akasikiliza Misa na kupokea Komunyo Takatifu.

Siku nyingine mke na watoto walimsindikiza hadi mtoni, akawabusu ndipo akapanda mashua. Siku hiyo hakuwaruhusu. Alitoka, akaufunga mlango wa bustani nyuma yake, wao wakabaki ndani. Katika mashua alikaa kimya, uso umejaa huzuni. Kisha akamnong'onezea mkwe wake kwamba anamshukuru Mungu, vita vimeshindwa. Roper hakuelewa wakati ule. Baadaye alitambua kwamba vita vile vilikuwa vya upendo: More alijua kwamba akitazama nyuso zao, moyo wake ungelegea.

Mpendwa, si kila kelele inayotuzuia kumsikia Mungu ni mbaya. Fedha na anasa tunazijua. Kelele ngumu zaidi ni sauti ya wale tunaowapenda, wanapotuomba kwa machozi tuchukue njia rahisi. More aliwapenda sana watu wake. Ndiyo sababu mlango ule ulikuwa mzito.

Alikataa kuapa. Hakutoa hotuba wala hakumtukana mfalme. Alisema tu kwamba dhamiri yake haimruhusu, na kwamba hamlaumu mtu yeyote aliyeapa. Tarehe 17 Aprili alifungwa katika Mnara wa London.

WATU WA NYUMBA MOJA, MASIKIO TOFAUTI

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Karibu maaskofu wote wa Uingereza walikuwa wameapa. Watu wa nyumbani kwa More nao walimwona amekosea. Margaret mwenyewe, binti aliyemfulia shati la toba, aliapa kwa kuongeza sharti kwamba ni kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu. Alipofika gerezani alimsihi baba yake naye aape. More alimtania kwa kumfananisha na mama yetu Hawa, kisha wakasali pamoja. Hakumwambia kwamba yeye si binti yake tena.

Alice alipofika, hakuficha yaliyo moyoni. Alimuuliza mtu mwenye akili kama yeye anawezaje kukaa katika chumba kichafu pamoja na panya, wakati huko Chelsea kuna nyumba nzuri, vitabu, bustani, mke na watoto, vyote vyake kama atafanya tu kama wenzake. More alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kwa upole kama chumba kile hakiko karibu na mbingu sawasawa na nyumba yao. Alice hakuridhika.

Na hakuridhika hata mwisho. Lakini alifanya nini? Chakula cha mfungwa na mtumishi wake kililipiwa shilingi 15 kila juma, na mlipaji alikuwa Alice. Mali ilipokwisha, aliuza nguo zake mwenyewe. Alimwandikia waziri wa mfalme, Thomas Cromwell, akimlilia msaada. Hakuielewa sauti aliyoisikia mume wake, lakini alimlisha mtu aliyeisikia.

Sijui kama unaona ninachokiona. More hakumtaka Alice aseme amesikia kile ambacho hakukisikia. Alice naye hakumwacha mumewe afe njaa ili amshinde katika mabishano. Katika nyumba nyingi mmoja huvutwa na Mungu mbele kidogo kuliko mwenzake. Mke anataka wasali kila usiku, mume anasinzia. Mume anakataa hongo kazini, mke anahesabu karo. Yule aliyesikia hupenda kugeuka hakimu, na yule ambaye hajasikia hugeuka mpinzani. More alijitwika gharama ya kusikia kwake yeye mwenyewe. Hakumtwika mwenzake kwa matusi. Hiyo ni alama kubwa ya kupima kama sauti uliyoisikia ni ya Mungu: je, imekufanya mpole zaidi kwa mke wako, au imekupa fimbo ya kumpigia?

MAKAA NA SHATI

Gerezani More aliandika kitabu juu ya faraja wakati wa mateso, akaanza na kingine juu ya huzuni ya Bwana Yesu katika bustani ya Gethsemane. Juni 1535 walimnyang'anya vitabu na karatasi. Alifunga madirisha ya chumba, akabaki na Mungu gizani. Alipopata kipande cha karatasi, aliandika kwa makaa.

Tarehe 1 Julai 1535 alihukumiwa kufa. Mbele ya mahakimu alisema kwamba Mtakatifu Paulo alikuwepo Stefano alipouawa, na sasa wote wawili ni rafiki mbinguni. Vivyo hivyo anaomba yeye na mahakimu wake wakutane huko kwa furaha. Aliporudishwa gerezani, Margaret alipenya katikati ya askari wenye silaha, akamkumbatia baba yake mbele ya watu, akaondoka, akarudi akamkumbatia tena. Katika barua yake ya mwisho, tarehe 5 Julai, baba alimwambia kwamba hakuwahi kumpenda zaidi kuliko siku ile. Pamoja na barua alimpelekea lile shati, siri yao ya miaka mingi.

Asubuhi ya tarehe 6 Julai alikatwa kichwa. Alikufa akitania, kama alivyoishi. Mwaka 1935, baada ya miaka 400, Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Moja alimtangaza mtakatifu pamoja na Askofu John Fisher, na mwaka 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimfanya msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Sikukuu yao ni tarehe 22 Juni.

NA NYUMBANI KWENU?

Huenda hakuna mfalme atakayekuita uape. Lakini wiki hii utaulizwa jambo: kutia sahihi pasipo haki, kuficha mshahara, kumtoa mtoto shuleni, kumkaribisha mama mkwe mgonjwa au kumwacha. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio halifi siku moja. Hufa kwa kukosa zoezi. Nabii Eliya mlimani hakumsikia Mungu katika upepo mkubwa, wala tetemeko, wala moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Sauti ndogo huhitaji sikio lililozoea.

Basi nawaomba mjaribu mambo manne. Chagueni Ijumaa yenu: si siku nzima, hata nusu saa tu, televisheni na simu zikiwa zimezimwa. Mtoto mmoja asome Injili ya siku kabla ya chakula, kisha kila mtu aseme neno moja alilolisikia, hata mdogo kabisa. Kabla ya uamuzi mkubwa, ungameni, pokeeni Ekaristi, halafu mpeleke wazo hilo kwa wenye ujuzi na kwa padre wenu au wazee wa Jumuiya yenu. Na la nne ndilo gumu: usimwambie mwenzako kwamba Mungu amesema, kabla hujamuuliza yeye amesikia nini.

Mimi na mama watoto tulinunua ng'ombe mwingine baada ya miaka mitatu. Safari hiyo yeye ndiye aliyemchagua, na ndiye anayetunywesha maziwa mpaka leo kupitia uzao wake. Nilipomuuliza kwa nini siku ile ya pikapu alinyamaza, aliniambia kwamba alikuwa na neno, lakini sikumpa nafasi. Tangu hapo, nikipiga magoti kumwomba Mungu aseme, hukumbuka kwamba pengine ameshaanza kusema, upande wa pili wa meza.

Mtakatifu Thomas More awaombee, na Bi. Alice asisahauliwe.